Ujazo kwanza, densiti baadaye: mwongozo kamili wa somo la vitendo kwa mwalimu wa Kigoma

Chukua madumu mawili ya lita 20 yanayofanana. Moja lijaze mawese ya Kigoma, jingine asali ya Tabora. Ujazo ni uleule, lakini ukiyainua utashangaa: mawese yana kilo 18 na ushee, asali inapita kilo 28. Mchukuzi wa sokoni analijua hilo kwa bega lake. Darasani sisi huanzia upande mwingine. Tunaandika ubaoni kwamba densiti ni tungamo kugawanya kwa ujazo, wanafunzi wanakariri na kugawanya namba, alama zinapatikana, kisha siku ukiwapa jiwe mkononi wakuambie densiti yake, wanatazamana.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu wa darasa la saba au kidato cha kwanza mwenye wanafunzi wengi na kabati la maabara lisilo na mengi. Msimamo wangu ni kwamba somo hili linafaulu au kufeli kwenye ujazo. Tungamo unaisoma kwenye mizani, na kugawanya ni kazi ya dakika moja. Ujazo hutafutwa kwa mikono na macho, na huko ndiko makosa karibu yote yanakozaliwa. Kwa hiyo vipindi viwili vya kwanza ningevitumia kupima ujazo tu, bila kulitaja neno densiti.

Vifaa

Kama shule ina silinda ya kupimia ya mililita 100, vizuri. Kama haina, duka la dawa linauza mabomba ya sindano ya mililita 10 na 20. Chukua mabomba, sindano zenyewe ziache. Yana alama tayari na yanapima vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ongeza rula, uzi mwembamba, chupa za maji zilizokwisha tumika, kopo la maziwa ya unga, mrija wa kalamu iliyoisha wino, nta kidogo ya nyuki, na mizani ya jikoni ya kidijitali inayoonyesha gramu moja moja.

Mizani ikikosekana kabisa, ning'iniza fimbo ya mita moja kwa uzi katikati yake. Kila upande, kwa umbali sawa kutoka katikati, funga kikombe chepesi cha plastiki, kisha sogeza vikombe kidogo kidogo mpaka fimbo ilale sawa. Weka kitu chako upande mmoja. Upande wa pili ongeza maji kwa bomba la sindano, ukihesabu mililita, hadi fimbo irudi kulala sawa. Kila mililita ya maji ni gramu moja. Kwa joto la nyuzi 25 lita ya maji ina gramu 997 badala ya 1,000, lakini tofauti hiyo fimbo yako haiwezi kuiona.

Kutengeneza silinda ya darasa

1. Tafuta chupa nyembamba yenye ubavu ulionyooka, usio na mikunjo. Kata sehemu ya juu inapoanza kupinda.
2. Bandika kipande cha karatasi wima ubavuni na ukifunike kwa selotepu kisilowe.
3. Mimina maji mpaka yafunike vinundu vya kitako. Hapo chora mstari wa kwanza na uandike sifuri. Usianzie chini kabisa, kwa sababu kitako cha chupa hakijakaa sawa.
4. Ongeza mililita 10 kwa bomba la sindano, ngoja maji yatulie, chora mstari. Endelea hivyo hadi juu.
5. Mwaga, kisha rudia kwa maji mapya. Kama mistari haikubaliani, kuna mahali bomba lilibeba hewa.

Kwa nini nyembamba? Waache wanafunzi wajibu kwa rula. Mililita moja ikiingia kwenye silinda yenye kipenyo cha sentimita 2.5, maji hupanda milimita 2 hivi. Ikiingia kwenye chupa yenye kipenyo cha sentimita 8, hupanda sehemu mbili za kumi za milimita, na hakuna jicho la kuliona hilo. Zoezi hili dogo lina faida kuliko kurasa nzima za maelezo kuhusu usahihi.

Kusoma nako kuna adabu yake. Silinda ikae juu ya meza iliyo sawa, isishikwe mkononi. Jicho lishuke hadi kimo cha maji. Mwanafunzi apige magoti ikibidi. Uso wa maji hupanda kidogo kwenye kuta na kubonyea katikati: soma chini ya mbonyeo. Anayesoma akiwa amesimama, akitazama kutoka juu, hupata namba kubwa kuliko ilivyo. Waambie wawili wasome bila kuambizana, kisha walinganishe.

Vitu vyenye pande, kwa haraka

Mche wa sabuni au tofali: urefu mara upana mara kimo. Hili wanalijua tangu hesabu za shule ya msingi. Wasichokiamini ni kwamba sentimita za ujazo 1,000 ni lita moja. Kunja boksi la karatasi ya manila lenye sentimita 10 kila upande, tandika mfuko wa plastiki ndani, mimina maji lita moja. Litajaa hadi ukingoni. Kutoka hapo ni rahisi kukubali kwamba mililita na sentimita ya ujazo ni kitu kimoja, na kwamba tangi la lita 1,000, yaani mita ya ujazo moja, likijaa hubeba tani nzima ya maji.

Jiwe, na kila kisicho na pande

Jiwe dogo linaloingia kwenye silinda lina njia fupi: soma maji, lishushe jiwe kwa uzi, soma tena, toa. Jiwe kubwa linahitaji kopo la kufurika. Toboa tundu karibu na ukingo wa kopo la maziwa, pitisha mrija wa kalamu ukielekea chini kidogo, ziba pembeni kwa nta ya nyuki iliyopashwa moto. Kisha:

1. Pima tungamo ya jiwe likiwa kavu. Ukilipima baada ya kulitoa majini unapima na maji yaliyoganda juu yake.
2. Jaza kopo mpaka maji yatoke mrijani. Ngoja hadi tone la mwisho lianguke. Wanafunzi hawapendi kungoja. Hapa ndipo pa kuwa mkali.
3. Weka silinda tupu na kavu chini ya mrija.
4. Shusha jiwe polepole kwa uzi mpaka lizame lote, bila kidole kuingia majini. Kidole nacho kina ujazo.
5. Tone la mwisho likianguka, soma silinda.

Tuseme jiwe lina gramu 212 na maji yaliyofurika ni mililita 80. Andika namba hizo mbili daftarini na uziache hapo kwa sasa. Tone moja la sabuni ya maji ndani ya kopo husaidia maji yasing'ang'anie kwenye mdomo wa mrija.

Ukubwa wa kitu una maana sana. Silinda yenye alama za kila mililita inaweza kukudanganya nusu mililita kwa kila usomaji, na wewe unasoma mara mbili. Kama jiwe ni la mililita 10, kosa linaweza kufika sehemu moja ya kumi. Kama ni la mililita 80, kosa hilohilo ni zaidi kidogo ya asilimia moja. Kikundi kinachochagua kokoto ndogo kwa sababu ni rahisi kushika kitapata majibu ya ajabu.

Kinachoelea

Kipande cha mninga hakizami, basi kizamishwe na kingine. Maji yako mililita 200. Zamisha nati ya chuma peke yake: 215. Ifunge pamoja na mninga, zamisha vyote: 247. Mninga una mililita 32. Fanya upesi, maana mti hunywa maji. Ukiupaka nta nyembamba unapata muda zaidi. Ukiwa na kipande kidogo, pini ndefu inatosha kukisukuma chini ya maji.

Chumvi, mchanga, na hadithi ya lumbesa

Kipande cha chumvi kikiingia majini kinayeyuka na ujazo wake unapotea mbele ya macho yako. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kutumia mafuta ya kula badala ya maji. Ya pili naipenda zaidi: koroga chumvi majini mpaka isiyeyuke tena, acha itulie, na uyatumie maji hayo. Yameshashiba, kipande chako kitakaa salama humo. Kigoma hatukosi chumvi. Uvinza, karibu na mahali mto Ruchugi unapoingia Malagarasi, watu wamekuwa wakipika chumvi kutoka chemchemi za maji chumvi kwa zaidi ya miaka 1,000.

Mchanga una somo lake. Chukua mililita 100 za mchanga mkavu wa ufukweni, mimina juu yake mililita 100 za maji. Waulize wanafunzi watasoma ngapi. Wengi watasema 200. Itasoma karibu 160. Zile 40 zilizopotea zilikuwa hewa kati ya chembe. Hivyo mchanga una ujazo wa aina mbili: wa rundo, pamoja na nafasi zake, na wa chembe zenyewe. Anayenunua mchanga kwa tipa, mahindi kwa debe au dagaa kwa kisado ananunua na hewa. Ugomvi wa lumbesa kati ya wakulima na wachuuzi ni ugomvi wa ujazo uliojifanya uzito. Gunia likishindiliwa na kuongezwa kilemba juu, jina linabaki gunia moja lakini kilo si zilezile.

Sasa densiti: misumari

Sasa wanafunzi wana ujazo wanaouamini. Anza na misumari ya inchi tatu. Weka maji mililita 50 kwenye silinda, iinamishe, telezesha misumari 10 taratibu, isimamishe na usome. Kisha 20, kisha 30. Kila mara wana tungamo waliyoipima kabla.

Namba zitakuwa za namna hii: misumari 10, gramu 65, mililita 8, misumari 20, gramu 130, mililita 17, misumari 30, gramu 195, mililita 25. Gawanya: 8.1, 7.6, 7.8. Usikimbilie kusahihisha. Waulize kama chuma kimebadilika. Hakijabadilika, kilichoyumba ni usomaji wa mililita, na kinapungua kuyumba kadiri misumari inavyoongezeka. Jibu la mwisho ndilo linalokaribia chuma halisi, karibu gramu 7.8 kwa kila sentimita ya ujazo. Wachore grafu: ujazo kwenye mhimili wa chini, tungamo kwenye mhimili wa wima. Nukta zitajipanga karibu na mstari mmoja unaopita kwenye sifuri, na mwinuko wa mstari huo ndio densiti. Msumari mmoja au kreti nzima, mwinuko ni uleule.

Hapo warudi kwenye jiwe lao: 212 kugawanya kwa 80 ni 2.65. Mawe mengi ya kawaida huangukia kati ya 2.5 na 2.8. Kundi lililopata 4 likapime tena kabla ya kudai limeokota madini. Mninga wao, kama ulikuwa na gramu 20, una 0.63. Kikokotoo kitaandika 0.625, na kwa mawe mengine kitajaza skrini nzima kwa tarakimu, wazuie. Silinda iliyosoma mililita nzima nzima haiwezi kuzaa tarakimu tano za ukweli.

Mtihani ukitaka kilo kwa mita ya ujazo, zidisha kwa 1,000. Maji 1,000, chuma 7,800, mninga 630.

Kutabiri kabla ya kutumbukiza

Panga vitu mezani, na kila mwanafunzi aandike "elea" au "zama" kabla ya chochote kugusa maji. Anayeandika hawezi kujikana baadaye. Weka mshumaa, sarafu, kipande cha mninga, na kipande cha mpingo kutoka kwa mchonga vinyago. Mpingo huzama, kwa kuwa densiti yake inazidi ya maji, na wale waliosema mti siku zote huelea watalazimika kupata sababu nyingine. Weka pia yai bichi. Kwenye maji ya kawaida yai jipya huzama. Koroga gramu 70 hivi za chumvi kwenye nusu lita ya maji na yai lilelile litaelea. Yai halijabadilika chochote. Maji ndiyo yaliyoongezeka densiti.

Kifaa cha bure kuliko vyote ni kizibo cha soda cha bati. Kilaze juu ya maji, mdomo ukitazama juu: kinaelea. Kizamishe kwa ubavu: kinakwenda chini moja kwa moja. Bati ni lilelile, tungamo ni ileile. Kilipokuwa kinaelea kilibeba hewa, na densiti inayoamua ni ya kizibo pamoja na hewa iliyomo.

Mfano mkubwa wa jambo hili tunao bandarini. Meli ya Liemba, yenye urefu wa zaidi ya mita 70, ilijengwa Ujerumani mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande, ikaletwa kwa meli na reli, ikaunganishwa hapa Kigoma na kushushwa ziwani mwaka 1915. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wakiijaza mchanga, isiangukie mikononi mwa adui. Mwaka 1924 Waingereza waliinyanyua, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiwa Liemba. Waulize wanafunzi: chuma chake kilibadilika densiti lini? Jibu ni kamwe. Ilikuwa 7.8 ikielea na 7.8 ikiwa chini. Mchanga na maji vilichukua nafasi ya hewa, na wastani wa meli nzima ukapita ule wa maji.

Mawese na barafu

Hili ni jaribio ambalo shule za mbali zingelitamani. Asubuhi za Juni na Julai mawese huganda nusu. Lete chupa angavu ya mawese iliyokaa usiku kucha bila kutikiswa, kando yake glasi ya maji yenye kipande cha barafu. Kwenye chupa, sehemu iliyoganda imekaa chini na nyekundu angavu iko juu. Kwenye glasi, barafu iko juu. Waache wabishane kwanza. Vitu vingi vikiganda chembe zake hukaribiana, ujazo hupungua, densiti hupanda, navyo huzama ndani ya kimiminika chake. Maji ni mmoja wa wachache wanaokaidi: yakiganda hutanuka, na barafu hubaki na densiti ya 0.92 tu. Mawese yaliyoyeyuka nayo ni karibu 0.91, ndiyo maana hukaa juu ya maji.

Ukitaka kupanga tabaka kwenye glasi moja, anza na asali chini, kisha maji chumvi, kisha maji ya kawaida yenye rangi, kisha mawese ya vuguvugu juu. Kila kimoja kimiminwe polepole juu ya mgongo wa kijiko, maana asali na maji huchanganyika ukiwa na pupa. Usiongeze mafuta ya taa juu ya mawese. Ni mepesi zaidi, karibu 0.8, lakini mafuta kwa mafuta huchanganyika na utabaki na uchafu mmoja.

Ziwa lenyewe

Mwagia maji ya moto yenye rangi, taratibu, juu ya maji baridi kwenye glasi. Yanakaa juu muda mrefu bila kushuka. Sasa peleka akili za darasa kwenye ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Maji ya juu yana joto la nyuzi 27 hivi kwenye miezi ya joto; ya chini kabisa ni kama 23.5. Kwa joto hizo tofauti ya densiti haifiki gramu moja kwa lita. Hiyo gramu isiyofika inatosha kuyazuia maji ya kina yasipande, mwaka hadi mwaka, hivyo hewa ya oksijeni haifiki huko na samaki wote, dagaa na migebuka pamoja, huishi kwenye tabaka la juu. Upepo wa kusini wa kiangazi ndio unaokoroga sehemu ya juu na kupandisha virutubisho kutoka chini.

Asali, bila kupima ujazo wake

Asali hung'ang'ania kwenye silinda na huwezi kuisoma. Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko, pima mara tatu: tupu, imejaa maji hadi ukingoni, imejaa asali hadi ukingoni. Tuseme tupu ni gramu 180, na maji 430, na asali 532. Maji ni gramu 250, kwa hiyo chupa ina mililita 250. Asali ni gramu 352. Gawanya 352 kwa 250: 1.41. Kausha chupa vizuri kati ya maji na asali, na ngoja mapovu ya asali yapande kabla ya kujaza ukingo.

Asali nzuri iliyoiva huwa karibu 1.4 au juu yake kidogo. Iliyotiwa maji hushuka, na kwenye chupa ya mililita 250 tofauti ya gramu 10 inaonekana waziwazi kwenye mizani ya jikoni. Lakini mwambie mwanafunzi atakayeikimbiza mizani sokoni kwamba maji ya sukari yaliyochemshwa hadi kuwa mazito yanaweza kufika 1.4 vilevile. Kipimo hiki kinamkamata aliyeongeza maji. Aliyeongeza sukari atapita.